Eda ya Bi Somoe

Ukienda kwa Bi Adija Abilahi ukamuuliza kama fulani yupo, hutapata jibu. Atakukaribisha vizuri, atakupa kigoda, atakuuliza hali ya wazee na watoto, na kama kuna mihogo jikoni atakumegea. Lakini ukisema, "Mzee Huseni yupo?", na mumewe huyo mwenyewe unamsikia anakohoa chumbani, yeye atakwambia, "Piga hodi. Kama yupo ataitika." Watu wa sensa walipata tabu naye kila walipokuja. Aliwaambia wahesabu wanaowaona kwa macho yao. Wajukuu humcheka, wanasema bibi yetu angefaa kulinda benki. Watu wazima wa kijiji kile hawacheki, maana wanajua tabia hiyo ilianza wapi.

Zamani hakuwa hivyo kabisa. Miaka ile ya ujamaa, Adija ndiye aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi, na kazi ya mjumbe ilikuwa ni kujua. Nani amelala kwake na nani hakulala. Mgeni huyu wa nani, amekuja lini, anaondoka lini. Nani hakuonekana kwenye shamba la kijiji na anadai anaumwa nini. Kila Jumamosi wajumbe walikutana na katibu, na kila mmoja alisimama na daftari lake akasema. Adija alikuwa na miaka thelathini na minne, ana darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mumewe. Alikuwa mwanamke pekee kati ya wajumbe, na hakuna siku daftari lake lilikuwa na kosa.

Hakuona ubaya katika kazi ile. Alilelewa na mama yake, Bi Somoe, ambaye akikukamata na uongo hakupigi. Anakutandikia mkeka, anakuambia kaa hapo umtubie Mola wako, na hapo utakaa mpaka miguu ife ganzi. Mtoto aliyelelewa hivyo akiulizwa na serikali jambo la kweli, atasema kweli. Wenzake kisimani walikuwa wakimtania, "Adija, jana nimepika kisamvu bila nazi, hujaandika?" Naye alicheka pamoja nao.

Basi mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Rajabu, baba yake, Mzee Abilahi, akafariki. Alifia nyumbani kwake Nakitunda, kitongoji cha mikorosho kilichokuwa mbali na barabara iendayo Milola, akazikwa hapohapo nyuma ya nyumba. Bi Somoe akaingia eda. Alivaa kanga zilizopauka, akaacha mafuta na wanja na udi, akakaa chumbani kuhesabu miezi minne na siku kumi katika nyumba ile aliyofiwa, kama Mungu alivyoamrisha.

Hata mwezi haujaisha, operesheni ikafika. Vitongoji vyote vihamie barabarani, katika kijiji kipya, nyumba kwa mstari, kila mlango na namba yake ya chokaa. Filimbi ikilia asubuhi, watu shambani. Shuleni mwalimu aliwauliza watoto ni nani kwao kuna bibi au babu aliyebaki porini, na watoto, masikini, walinyoosha vidole wakidhani ni hesabu. Karani alipopita Nakitunda na orodha, aliandika kwa majina ya wanaume wenye nyumba. Alipofika jina la Abilahi akaambiwa mwenyewe amefariki. Akapiga mstari, akaenda zake. Hakuuliza kama ameacha mke. Bi Somoe alikuwa ndani, hatua tano tu kutoka pale karani alipokuwa amesimama, anasoma tasbihi.

Huseni, mume wa Adija, ndiye aliyeliona hilo. Ni mtu wa maneno machache. Alimwambia mkewe kwamba mama hayumo daftarini, na asiyekuwemo daftarini hatafutwi, hivyo wamwache atimize eda yake kisha wamlete taratibu. Mama mwenyewe alipoulizwa kama hataogopa kubaki pale peke yake, majirani wote wameondoka, alisema hayuko peke yake, ana Mungu na paka.

Ikawa Adija, aliyekwisha kuhamia barabarani na watu wake, anakwenda Nakitunda kila siku. Mwendo wa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, jembe begani ili aonekane anakwenda shamba, na ndani ya kikapu, chini ya majani, kibuyu cha maji na chakula. Shabani ikaisha hivyo. Ramadhani yote akapeleka futari akiwa mwenyewe amefunga, jua la kiangazi linachoma kisogoni. Akirudi, kuna watoto watatu, kuna shamba la kijiji, kuna daftari. Mama yake alimtazama akasema, "Unakonda, mwanangu. Hiyo serikali yenu inakula yenyewe tu?" Wakacheka wote wawili.

Hakumwambia mama yake kwamba amechoka. Hata Huseni hakumwambia. Lakini ilikuwepo siku, baada ya Idi, alipofika njiapanda ya Nakitunda akasimama, akaweka kikapu chini, akajikuta anahesabu siku zilizobaki kama mfungwa. Arobaini na mbili. Aliona haya, akasoma istighfari, akaendelea na safari.

Siku hiyohiyo alasiri ukawa mkutano. Katibu wa kijiji, Ahmadi, kijana wa Kiislamu aliyesoma, mwenye adabu, alieleza kwamba wageni kutoka wilayani watakuja Jumatatu kuona kama watu wote wamehamia. Akataka kila mjumbe asimame mbele ya wananchi aseme nyumba zake kumi zimetimia. Wajumbe wakasimama mmoja mmoja. Zimetimia. Zimetimia. Ikafika zamu ya Adija.

Huseni alikuwa amekaa nyuma na wanaume. Baadaye alisema alimwona mkewe anavyosimama, akajua. Adija angeweza kusema neno moja kama wenzake, na mbele ya binadamu lisingekuwa uongo, kwani mama hakuwa katika nyumba zake kumi. Badala yake alisema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mkutano, "Zangu zimetimia, ndugu katibu. Amebaki mama yangu mzazi tu, Nakitunda. Yumo edani, amefiwa na mumewe. Naomba kijiji kimwache amalize."

Ahmadi alitazama karatasi yake kitambo, kisha akasema, "Nimekusikia, Bi Mjumbe. Kaa."

Naye alikaa, moyo mweupe. Aliona kijana ni Muislamu, anaijua eda, amesikia, basi yamekwisha. Kuanzia kesho atakwenda Nakitunda bila kuficha kikapu, na pengine si kila siku, pengine siku moja moja, maana mama sasa anajulikana na kijiji, hata wengine watasaidia kumtazama. Njiani Huseni alimuuliza kwa nini amesema. Akajibu kwamba hakupenda kumficha mama yake kama mali ya wizi.

Asubuhi ya pili, kwa mara ya kwanza tangu Shabani, Adija hakuondoka alfajiri. Alifua kwanza. Nguo za watoto zilikuwa zimelundikana, na maji kisimani yalikuwa bado matulivu. Alizianika zote, akazitazama zinavyopepea, akafurahi. Ndipo aliposikia trekta la kijiji linarudi kutoka upande wa Nakitunda.

Mama yake alikuwa juu ya trela, amekaa katikati ya mgambo wanne, mchana kweupe. Paka hakuwemo. Kichwani alikuwa amefunikwa koti zito la kaki la mgambo mmoja aliyeitwa Valentini, Mkristo, mtu wa kutoka Makonde huko juu. Valentini aliwageuza wenzake wote wakatazama nje ya trela, na yeye mwenyewe akakaa amewapa mgongo, fulana mwilini tu. Adija aliyajua hayo kwa kuambiwa na Valentini mwenyewe, ambaye alishuka, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nisamehe. Kwetu hatuna hiyo, lakini nilipomkuta amejibana vile ukutani, hataki kuonekana, nilielewa. Tungekukuta wewe pale ungemfunika kwa nguo ya heshima."

Na paa la nyumba yake je? Paa walikuwa wamelivuta kwa kamba likaanguka, ili asirudi.

Adija alikimbia ofisini akiwa na povu la sabuni mikononi. Ahmadi alimpokea kwa heshima, akafunga mlango. Alimwambia kwamba na yeye ana mama. "Ungeniambia pembeni, Bi Adija, ningefumba macho. Umesema mbele ya watu mia mbili. Wageni wanakuja kesho. Ungekuwa mimi ungefanyaje?" Swali hilo Adija anaishi nalo mpaka leo.

Mwalimu Fakihi, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani, aliitwa akakaa nje ya ukuta, akatoa maneno yake. Eda haikukatika. Aliyetolewa kwa nguvu hana kosa, aendelee kuhesabu pale alipo. Zimebaki siku arobaini na moja. Bi Somoe alishukuru. Nyumba ya Adija ilikuwa bado ni fito tupu, mtu akipita njiani anakuona mpaka kitandani, hivyo siku mbili mfululizo Adija alichota udongo akakandika chumba cha mama yake peke yake, akamkataza Huseni kumsaidia. Alikandika mpaka kucha zikang'oka.

Jioni ya siku ya pili udongo ulikuwa bado unanuka ubichi. Bi Somoe aliswali magharibi, akamaliza, akageuka kumtazama binti yake aliyekuwa nyuma yake mkekani.

"Adija, ni nani aliyenitaja?"

Wanawake waliokuja kumpa pole hawakuwa wamemwambia. Wengine kwa stara, wengine kwa kuogopa daftari. Adija alimtazama mama yake, mtu aliyemfundisha kukaa mkekani mpaka miguu ife ganzi.

"Sijui, Mama."

Bi Somoe akaitikia kwa kichwa, akageukia kibla, akainua mikono. Aliomba polepole, kwa Kiswahili, ili Mungu na Adija wasikie vizuri. "Ewe Mola wangu, aliyenitaja nikatolewa ndani ya eda ya mume wangu, mchana, mbele ya wanaume, usimpe nyumba ya kutulia. Kila atakapoketi, asipate raha ya kuketi." Akangoja. "Itikia, mwanangu."

"Amin," Adija akasema.

Haikuwa siku moja. Ilikuwa kila siku, baada ya adhuhuri na baada ya magharibi. Mjane aliyedhulumiwa, mikono juu, na nyuma yake binti yake anaitikia. Siku za mwanzo Adija aliitikia kwa sauti kubwa ili mama asishuku. Baadaye alijaribu kuwa jikoni wakati huo, lakini mama alimngoja. Alisema dua ya wawili ina nguvu.

Adija alipungua. Chakula kilimshinda. Jumamosi alisimama na daftari lake, akaulizwa habari za nyumba kumi, akasema zote ni nzima, na baada ya wiki mbili akagundua hata hajui kama anasema kweli. Kisimani alipotokea mazungumzo yalikatika. Hakuna tena aliyemtania kuhusu kisamvu. Mwanamke aliyemtaja mama yake mzazi, mwingine atamwacha? Hawakumwambia hivyo, lakini waliinama wakachota maji wakaondoka, na yeye akabaki na kamba mkononi.

Alimwendea Mwalimu Fakihi. Hakumweleza yote, alisema ni habari ya mtu fulani. Mtu akimwombea mwenzake mabaya bila kujua ni nani, na yule mwenyewe akaitikia Amin, yanampata? Mwalimu alikuna ndevu, akauliza kama huyo mtu ana wazimu. Kisha akaona uso wake, akaacha mzaha. Alimwambia kwamba hilo hakulisoma popote, lakini haki ya mtu haifutiki kwa sala wala kwa funga, ila kwa mwenyewe mwenye haki kuwa radhi. Aende kwa mwenyewe.

Akaenda? Hakwenda. Kila siku alisema kesho. Huseni alimwambia, "Mwambie, au niseme mimi." Akamwomba asiseme. Aliogopa kwamba mama yake akijua, atatoka mle chumbani kwa hasira kabla ya eda kwisha, na hapo yeye Adija atakuwa amemvunjia eda mara mbili. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Nyingine, ya kweli, ni kwamba aliogopa.

Siku ya arobaini na moja ikafika. Wanawake walikuja asubuhi kumtoa mama edani. Walileta sabuni, kanga mpya doti mbili, mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini. Maji yalipashwa moto yakawekwa uani, ndani ya uzio wa makuti. Kwa desturi yao, anayemwaga kata ya kwanza ni binti, na kabla hajamwaga, aliyekaa na mjane nyumba moja humwomba radhi kwa lolote lililopita katika siku zile. Ni maneno ya kawaida. Watu huyasema upesi upesi, mjane akajibu "radhi, radhi," maji yakamwagwa, vigelegele vikapigwa.

Adija alishika kata. Akawaomba wanawake watoke kidogo. Wakatazamana, wakatoka.

"Mama, nakuomba radhi."

"Radhi, mwanangu. Mwaga."

"Si hivyo, Mama. Ni mimi niliyekutaja."

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga imefungwa kwapani, nywele nyeupe zimefumuliwa. Hakugeuka.

"Ulinitaja wapi?"

"Mkutanoni. Nilikuombea ruhusa. Nilidhani watakuacha."

"Wakakulazimisha?"

"Hapana." Adija alijua angeweza kuishia hapo. "Nilichoka, Mama. Njia ilinichosha. Niliona ukijulikana, sitakuja kila siku. Na asubuhi ile nilikaa kufua."

Nje mwanamke mmoja alikohoa. Maji yalikuwa yanatoa mvuke kidogo tu sasa.

"Ungeniambia umechoka," Bi Somoe akasema. "Ningekwambia niletee mihogo mikavu ya wiki, ukapumzike. Mimi ni mama yako." Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Na ile dua ukawa unaitikia?"

"Niliitikia."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Hapo ndipo Bi Somoe alipogeuka. Adija alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa laana. Alichokiona usoni mwa mama yake ni hofu, hofu ya mtu aliyempa mtoto dawa kumbe si dawa.

"Siku zote hizi," mama akasema. "Nimemwomba Mungu kwa moyo wangu wote, Adija. Sikubakiza. Sasa nitamwambia nini?"

Adija alipiga magoti kwenye tope la uani. Mama hakumwinua, wala hakumsukuma. Mwishowe alisema, "Mwaga maji, yanapoa," na Adija akamwaga, kata ya kwanza na ya pili na ya tatu. Wanawake waliposikia maji wakapiga vigelegele na kuingia, wakampaka mama mafuta, wakamvika kanga mpya, na mchana wakala wali. Bi Somoe alicheka nao pale palipostahili kucheka. Lakini hakumtazama binti yake.

Jumamosi iliyofuata Adija alirudisha daftari. Ahmadi alimuuliza sababu, akajibu kwamba hawezi tena kuandika. Akachaguliwa mwingine.

Lakini hayo ni ya Jumamosi. Jioni ileile ya kutoka eda, baada ya wageni kuondoka, Bi Somoe alitawadha akaswali magharibi chumbani mwake, na Adija akaswali nyuma yake, hajui kama anatakiwa au hatakiwi. Mama alimaliza. Kisha akainua mikono.

"Ewe Mola wangu, yule niliyekuombea asitulie ni mwanangu. Sikumjua. Wewe ulimjua. Nilikuja kwako siku arobaini, sasa nitakuja arobaini nyingine, na ukitaka nitazidisha. Yote niliyoyaomba juu yake, yaondoe. Kama imelazimu yampate mtu, yanipate mimi niliyeyaomba."

Akangoja.

Adija aliinama, paji la uso likagusa mkeka. Hakutaka kuitikia hilo la mwisho, na bila hilo la mwisho hakujua aitikie vipi.

"Itikia," mama akasema, bila kugeuka. "Kwenye dua ile ulikuwa na sauti."